Fonti Ikibadilika Bila Kuguswa: Jinsi ya Kupata Chanzo Kabla ya Kuchapisha

Hati inaondoka nyumbani ikiwa na kurasa 18. Inafika saiba ikiwa na kurasa 21, vichwa vina maandishi ya sura nyingine, jedwali la bei limekatika katikati, na orodha ya yaliyomo inasema vyeti viko ukurasa wa 12 ilhali viko ukurasa wa 14. Hakuna aliyeigusa.

Kwa barua ya kawaida hiyo ni kero tu. Kwa zabuni ni jambo zito zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 74, inataka tangazo la zabuni limwagize mzabuni kuweka nambari zinazofuatana kwenye kurasa za hati zake. Vikundi vinavyotafuta kazi kupitia mpango wa AGPO, ambao unatenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mara nyingi hujiandalia hati hizo vyenyewe, bila mtu wa kulipwa, na usiku wa mwisho. Usiku huo si wakati wa kugundua kwamba kurasa zimesogea. Hali ni hiyo hiyo kwa kikundi kinachoandika katiba yake, kwa mkaazi anayepeleka maoni yake kuhusu mswada wa kaunti, na kwa mwalimu anayeandaa ripoti ya bodi ya shule.

Fonti haibadiliki kwa miujiza, wala si lazima kuwe na virusi. Kuna sehemu chache tu ambako mabadiliko hayo huanzia, na anayezijua hupata chanzo kwa dakika tano. Mengi yanayofuata yanahusu Microsoft Word, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka katika saiba na ofisi nyingi. LibreOffice Writer, ambayo hupatikana bila malipo, inatajwa pale inapotofautiana. Majina ya vitufe yameachwa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini.

Fonti inatoka wapi

Wengi hudhani fonti inakaa kwenye herufi kama wino kwenye karatasi. Katika programu za kuandikia, mambo si hivyo. Kila aya ina staili yake, hata kama aliyeiandika hajawahi kusikia neno hilo. Anayefungua Word na kuanza kuandika moja kwa moja anatumia staili iitwayo Normal. Kwenye Writer inaitwa Default Paragraph Style. Staili ndiyo hubeba aina ya fonti, ukubwa wake na nafasi kati ya mistari, na aya hufuata inavyoagizwa.

Ni kama sare ya shule. Shule ikiamua sweta ziwe za kijani badala ya buluu, hakuna mwalimu anayezunguka akipaka sweta rangi moja moja. Agizo ni moja, na wanafunzi wote hubadilika. Anayeteua maneno na kuyapa fonti nyingine kwa kitufe cha juu amemvalisha mwanafunzi mmoja koti juu ya sare. Sare bado iko ndani, na koti likivuliwa inaonekana. Koti hilo ndilo litakaloitwa hapa fomati ya mkono.

Staili nazo zina wazazi. Ndani ya Word, nyingi zimejengwa juu ya Normal: List Paragraph inayotumika kwenye orodha, Header na Footer za juu na chini ya ukurasa, Body Text, hata vichwa vya Heading 1 na Heading 2. Mtoto hurithi kwa mzazi kila kitu ambacho yeye mwenyewe hajapewa. Kwa hiyo anayetaka maandishi ya jalada yawe makubwa, akabadilisha Normal iwe na ukubwa wa 14, atashangaa kukuta orodha ya vifaa imekuwa 14 na nambari ya ukurasa imekuwa 14, huku Heading 1 ikibaki ilivyokuwa kwa sababu ina ukubwa wake yenyewe. Alitaka kugusa ukurasa mmoja, akagusa ukoo mzima.

Zaidi ya wazazi kuna mandhari ya hati. Katika orodha ya fonti, majina mawili ya juu kabisa huandamana na maneno Headings na Body. Hizo si fonti za kudumu. Ni kama kusema "fonti yoyote ambayo mandhari imechagua kwa vichwa" na "yoyote iliyochaguliwa kwa maandishi". Mtu akiingia sehemu ya Design na kubofya Fonts kwa kutaka kuona tu, kila aya inayotegemea mandhari hubadilika mara moja, na zile zilizopewa fonti kwa jina hubaki zilivyo. Hati inageuka mchanganyiko wa fonti mbili, na mwenyewe hakumbuki alichobofya.

Hati iulizwe kwanza

Kosa la kawaida ni kukimbilia kurekebisha kwa macho. Aya imebadilika, basi inateuliwa, inapewa fonti ya zamani, kazi inaendelea. Aya hiyo inaonekana sawa, lakini kilichoibadilisha bado kipo na kesho kitabadilisha nyingine. Baada ya wiki mbili za namna hiyo hati ina makoti mengi kuliko sare, na hakuna anayejua tena ni agizo gani linafanya kazi wapi.

Kabla ya kugusa chochote kuna maswali mawili. Je, kilichobadilika ni aya moja, ni aya zote za aina moja, au ni hati nzima? Na je, ilibadilika kwenye kompyuta ile ile ilikoandikwa, au baada ya kuhamishwa kwa flashi au barua pepe? Majibu hupunguza kazi sana. Aya moja ikibadilika, huwa ni fomati ya mkono au maandishi yaliyobandikwa kutoka kwingine. Aya zote za aina moja zikibadilika pamoja, ni staili. Hati nzima ikibadilika baada ya kuhama, ni kompyuta isiyo na fonti hiyo, au kiolezo.

Word yenyewe inaweza kuulizwa. Kishale kinawekwa ndani ya aya yenye shida, kisha vinabonyezwa Shift na F1 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptopu lazima Fn iongezwe. Upande wa kulia hufunguka dirisha la Reveal Formatting. Chini yake kuna kisanduku kilichoandikwa Distinguish style source. Kikitiwa tiki, Word hutenganisha kilichotoka kwenye staili na kilichowekwa kwa mkono. Kisanduku kingine, Compare to another selection, huruhusu kuweka aya nzuri kando ya aya mbaya na kuonyeshwa tofauti zao. Ni ajabu kwamba dirisha lenye manufaa kiasi hiki limefichwa nyuma ya vitufe viwili ambavyo karibu hakuna anayevijua. Wanaotumia Writer wana Style Inspector, iliyoingia katika toleo la 7.1 mwaka 2021, inayofanya kazi kama hiyo.

Tiki moja inayosumbua wengi

Chukulia katibu wa kikundi cha akina mama kinachoomba kazi ya kushona sare. Hati yake ina vichwa vidogo kumi na kitu: uzoefu wa kikundi, wanachama, vifaa, bei, na kadhalika. Anataka kichwa kimoja tu, kile cha bei, kiwe chekundu na chenye fonti tofauti ili kionekane. Anakiteua, anakibadilisha, anashuka chini ya ukurasa. Vichwa vyote vimekuwa vyekundu. Anakirudisha kile kimoja kuwa cheusi, na vyote vinarudi kuwa vyeusi. Akijaribu mara tatu ataanza kuilaumu laptopu.

Laptopu haina shida. Staili ya vichwa hivyo imewekewa tiki kwenye Automatically update. Tiki hiyo inamaanisha kwamba chochote anachofanyiwa mmoja kwa mkono kinageuzwa kuwa agizo la wote. Koti la mwanafunzi mmoja limekuwa sare mpya ya shule.

Kuiondoa si kazi. Dirisha la staili hufunguliwa kwa Alt, Ctrl, Shift na S kwa pamoja. Jina la staili husika linabofywa kwa upande wa kulia wa kipanya, inachaguliwa Modify, na chini ya dirisha linalofunguka kuna tiki hiyo. Inaondolewa, inabofywa OK. Kwenye Writer, orodha ya staili hufunguliwa kwa F11, na kisanduku chake kinaitwa AutoUpdate.

Tiki hii haifai kulaaniwa kote. Staili za orodha ya yaliyomo, TOC 1 na wenzake, huja nayo kutoka kiwandani, na hapo inasaidia: mtu akirekebisha mstari mmoja wa kiwango hicho, mistari yote ya kiwango hicho inafuata. Hizo ziachwe. Ni kwenye staili za vichwa na za maandishi ambako inaleta hasara, na mara nyingi mtumiaji hakuiweka yeye; aliipata pamoja na hati ya zamani iliyokuwa ikipitishwa mkono kwa mkono.

Kuna mpangilio mwingine unaofanana nao. Mtu anaandika mstari mfupi peke yake, anaufanya uwe mzito, anabonyeza Enter, na Word inaamua kwamba hicho ni kichwa. Hiyo hutoka kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kisha AutoFormat As You Type, mahali palipoandikwa Define styles based on your formatting. Tiki ikiondolewa, Word huacha kujiamulia.

Majina sawa, tabia tofauti

Katika vikundi vingi hati moja huandikwa na watu wengi. Mweka hazina anatuma bei, mwenyekiti anatuma historia ya kikundi, katibu anakusanya. Hapo ndipo fonti hubadilika kuliko mahali pengine popote, na sababu yake ni majina.

Mweka hazina ameandika kwa Word ya zamani ambamo Normal ni Times New Roman. Katibu anatumia Word ya baadaye. Kuanzia toleo la 2007 Normal ilikuwa Calibri yenye ukubwa wa 11, na kuanzia 2023 Microsoft ilianza kuiondoa Calibri na kuweka Aptos, ambayo kwenye Word huja na ukubwa wa 12. Kwa hiyo hati tatu za wanachama watatu zinaweza kuwa na staili moja kwa jina na fonti tatu tofauti. Maandishi yanaponakiliwa kutoka hati moja na kubandikwa kwenye nyingine, Word hukuta Normal mbili zinazogombana. Isipoambiwa vingine, huchagua Normal ya hati inayopokea. Bei za mweka hazina, zilizokuwa zimetoshea ukurasa mmoja, zinavaa sare ya mwenyeji na kumwagikia ukurasa wa pili.

Mara nyingi hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu hati iliyokusanywa inafaa kuonekana kama imeandikwa na mtu mmoja. Shida huja pale sehemu fulani zinapobadilika na nyingine zisibadilike. Zilizokuwa na fomati ya mkono zinahama na makoti yao, na zilizotegemea staili zinavaa sare mpya. Katika aya mbili zinazofuatana, moja ni Times New Roman na nyingine ni Calibri, ingawa zote zilitoka kwenye faili moja na zilionekana sawa huko zilikotoka.

Dawa yake ni kubandika maandishi matupu. Baada ya kubandika, alama ndogo hujitokeza karibu na maandishi. Ikibofywa huonyesha chaguo kadhaa, na ya kuchagua ni Keep Text Only. Maneno huingia bila fonti, bila rangi, bila ukubwa, kisha hupewa staili ya hati. Hasara ni kwamba maneno mazito na ya italiki hupotea pia, na jedwali hugeuka mistari. Kwa jedwali la bei, basi, ni afadhali libandikwe lilivyo na staili zake zirekebishwe baadaye. Anayechoka kuchagua kila mara anaweza kwenda File, Options, Advanced, sehemu ya Cut, copy, and paste, na kuamua huko mara moja kinachotokea kwa kila aina ya ubandikaji. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka mtandaoni yabandikwe kwa njia hiyo ya maneno matupu, kwa sababu huja na fonti na rangi za mahali yalikotoka.

Kompyuta isiyo na fonti hiyo

Faili ya Word kwa kawaida haibebi fonti. Inabeba jina la fonti tu. Kompyuta nyingine ikiifungua, hutafuta jina hilo miongoni mwa fonti zake, na ikikosa huchukua nyingine inayokaribiana. Kinachochanganya ni kwamba kisanduku cha fonti huendelea kuonyesha jina lile la awali. Mteja anasoma Aptos, lakini anachokiona kwenye skrini si Aptos.

Ndiyo maana mazungumzo kama haya husikika saiba. Mama anasema, "Kijana, umeharibu kazi yangu." Kijana anajibu kwa heshima, "Hapana, mama, faili yako iko sawa. Ni hii mashine haina fonti uliyotumia nyumbani." Na kijana anaweza kuwa na haki. Word ya zamani haikuja na Aptos. Fonti mbadala ikiwa na herufi pana kidogo, kila mstari unabeba neno moja pungufu, kila aya inaongezeka mstari, na baada ya kurasa kumi tofauti hiyo imekuwa ukurasa mzima.

Word hukiri jambo hili ikiulizwa. Kwenye File, Options, Advanced, chini ya Show document content, kuna kitufe cha Font Substitution. Kikibofywa huorodhesha fonti zinazokosekana na zilizochukua nafasi yake. Writer ni ya wazi zaidi: jina la fonti isiyokuwepo huandikwa kwa italiki kwenye kisanduku chake.

Anayehamisha kazi kati ya Word na LibreOffice anafaa kujua jambo moja la faraja. LibreOffice huja na fonti zilizotengenezwa makusudi ziwe na upana sawa na zile za Microsoft: Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial, Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria. Sura za herufi hutofautiana kidogo, lakini mistari hukatika karibu mahali pale pale. Kwa hati itakayopita mikononi mwa watu wengi, Times New Roman au Arial bado ni chaguo salama, hata kama hazina mvuto.

Fonti pia inaweza kufungwa ndani ya faili. Katika File, Options, Save kuna kisanduku cha Embed fonts in the file. Faili inakuwa nzito, na si kila fonti ina leseni inayoruhusu hivyo, lakini ikikubali, hati husafiri na fonti zake.

Kiolezo kinachojirudisha

Sababu hii ni nadra kuliko nyingine, na ndiyo inayochosha zaidi, kwa kuwa marekebisho hayadumu. Hati inarekebishwa jioni, inahifadhiwa, inafunguliwa asubuhi, na fonti imerudi ilivyokuwa jana.

Kila hati ya Word imeunganishwa na kiolezo, na isipochaguliwa kingine huwa ni faili iitwayo Normal.dotm, iliyo ndani ya kompyuta na si ndani ya hati. Kwa kawaida kiolezo hicho hutumika siku hati inapozaliwa tu. Lakini kuna tiki iitwayo Automatically update document styles. Ikiwekwa, kila hati inapofunguliwa staili zake huandikwa upya kutoka kwenye kiolezo cha kompyuta inayoifungua. Kwa hiyo hati ile ile inakuwa Calibri kwa katibu, Times New Roman kwa mwenyekiti, na kitu kingine saiba, hata kama fonti zote tatu zipo kwenye kompyuta zote tatu.

Tiki hiyo hupatikana kwenye File, Options, Add-ins. Chini kwenye Manage inachaguliwa Templates, kisha Go. Iondolewe, hati ihifadhiwe. Tiki hii na ile ya Automatically update iliyotajwa mwanzoni zina majina yanayokaribiana, na wengi huondoa moja wakidhani wameondoa zote mbili.

Nusu ya aya na alama isiyoonekana

Wapo wanaofuata ushauri wote, wanaipa aya staili yake sahihi, na bado maneno matatu ndani yake yanakataa kubadilika. Wengine wanaipa aya staili, na neno walilolifanya zito kwa makusudi linapoteza uzito wake. Word ina kanuni hapa: staili ya aya inapowekwa, fomati ya mkono iliyofunika zaidi ya nusu ya aya hufutwa, na iliyofunika chini ya nusu huachwa. Wazo lake ni kwamba neno moja zito huenda limewekwa kwa sababu, lakini aya nzima yenye fonti tofauti ni ya kusahihishwa. Kwa aya ndefu kanuni hiyo hufanya kazi vizuri. Kwa mstari mfupi wa maneno manne, mawili yakiwa mazito, matokeo hayatabiriki kwa macho.

Alama ya mwisho wa aya nayo husahaulika. Ctrl, Shift na 8 huionyesha, na vitufe hivyo hivyo huificha tena. Staili ya aya imehifadhiwa ndani ya alama hiyo. Anayeifuta kwa Delete akiwa mwisho wa kichwa anaunganisha kichwa na aya inayofuata, na moja kati ya hizo mbili itapoteza staili yake. Ctrl na Z irudishe mara moja, kabla ya kuendelea kuandika.

Kurekebisha bila kuharibu zaidi

Chanzo kikishajulikana, utaratibu wa kutibu una umuhimu. Kwanza nakala: faili ihifadhiwe kwa jina lingine. Kisha tiki zinazojiendesha ziondolewe, kwa maana kurekebisha staili huku Automatically update ikiwa hai ni kama kuchota maji kwa pakacha. Baada ya hapo Normal ndiyo ya kushughulikiwa kabla ya watoto wake. Kwenye Modify inapewa fonti na ukubwa, na papo hapo itaonekana ni aya zipi zimefuata na zipi zimekataa. Zilizokataa zina fomati ya mkono, au staili yao ina fonti yake.

Za fomati ya mkono huteuliwa, kisha Ctrl na kitufe kirefu cha nafasi huondoa fomati ya herufi, na Ctrl na Q huondoa ile ya aya, kama vile kusogezwa kwa pambizo. Kwenye Writer ni Ctrl na M. Katika Google Docs ni Ctrl na mkwaju unaolala kinyume. Tahadhari: Ctrl na nafasi huvua kila koti, likiwemo lililohitajika. Jina la kitaalamu la mmea lililokuwa kwa italiki, au jumla ya bei iliyokuwa nzito, itabidi irudishwe. Kwa sababu hiyo si vyema kuteua hati nzima kwa Ctrl na A na kuisafisha kwa mara moja, ingawa kishawishi ni kikubwa usiku wa manane.

Vichwa navyo vina njia ya mkato. Kichwa kimoja hurekebishwa kwa mkono hadi kipendeze, kisha jina la staili yake linabofywa upande wa kulia na kuchaguliwa Update Heading 1 to Match Selection. Vingine vinafuata. Hii ni tofauti na tiki ya kujiendesha, kwa kuwa hapa agizo limetolewa na mtu aliyejua anachotaka.

Orodha ya yaliyomo hubaki na nambari za zamani hadi iambiwe. Inabofywa, inabonyezwa F9, na kuchaguliwa Update entire table. Hili ni la kufanywa mwisho kabisa, fonti zikiwa zimetulia, kwa sababu kila badiliko la fonti baada yake laweza kusogeza kurasa upya. Wanaoandika nambari za kurasa kwa kalamu baada ya kuchapisha wanafaa kulinganisha nambari hizo na orodha, maana kalamu hufuata karatasi ilivyo na orodha hufuata kompyuta ilivyokuwa.

Kisha faili inageuzwa PDF kwenye kompyuta ile ile ilikoandikwa, kwa File na Save As. PDF ikitengenezwa hivyo kwa kawaida hubeba fonti zake ndani, na mistari haihami hata ikifunguliwa kwenye simu. Ifunguliwe na kusomwa ukurasa kwa ukurasa kabla ya kutoka nyumbani. Flashi ibebe zote mbili: PDF kwa ajili ya printa, na ya Word kwa ajili ya sahihisho la dakika ya mwisho. Ikilazimu kusahihisha saiba, PDF mpya itengenezwe na idadi ya kurasa zake ilinganishwe na ile ya kwanza kabla ya kulipia kuchapisha.